Mwaka Nilioimba Nyuma ya Ilham

Nilimwona Ilham kabla yeye hajaniona, na jambo la kwanza nililofanya, Mungu anisamehe, ni kuangalia kama amenenepa. Hakuwa amenenepa. Alikuwa anavua viatu kwenye ukingo wa turubai, pale Kibamba nyumbani kwa marehemu Baraka, siku ya kuanua tanga, na bado alikuwa na ile tabia yake ya kuinama bila kushika kitu. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wa ukoo, magoti yameshaanza kulalamika. Nina miaka arobaini na tatu. Ni mwalimu, nina watoto watatu, wawili wameshanipita urefu, na nilikuwa nimekuja kumlilia rafiki aliyetupigia dramu tukiwa na miaka ishirini. Kulia nilikuwa nimejiandaa. Kwa Ilham sikuwa nimejiandaa. Akaja moja kwa moja, akakaa pembeni yangu, akaniwekea mkono begani na kuniuliza, "Tuma, pole mwaya. Umekula?" Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula, ila sikutaka ainuke kunipakulia mbele za watu na aonekane yeye ndiye mwenye roho nzuri. Alipogeuka kuwasalimia wengine nikamtazama mikono, nikatazama pete, nikatazama hata kitambaa cha mtandio wake, natafuta kasoro. Nilikuwa nikifanya hivyohivyo nikiwa binti, na sikujua kama bado ninao uwezo huo.

Habari za wazazi wangu na tulikotoka naziacha, hazihusiki. Mwaka ninaousema ulianza na kuishia Chang'ombe, kwenye kiwanda cha masofa cha baba mdogo wake Baraka. Nyuma ya chumba cha kushonea kulikuwa na stoo, na stoo ile tulipewa kwa masharti mawili: tusiguse vitambaa, na mteja akiingia tunyamaze. Fundi Mashaka, mkuu wa mafundi, alikuwa akigonga ukuta mara mbili kwa kishikio cha nyundo, nasi tunakata wimbo katikati na kukaa kimya, tukisikiliza mtu akibishana kuhusu rangi ya mito. Kuta tulizifunika kwa vipande vya sponji vilivyobaki kwenye kazi. Zikikaribia sikukuu, oda zikiwa nyingi, mafundi walikuja kuzibandua sponji zetu moja moja wakaenda kuzijaza kwenye masofa ya watu, na siku hizo muziki wetu ulisikika hadi barabarani. Tulikaa kwenye fremu za masofa ambazo hazijavalishwa, zina mbao na mikanda tu, na mpaka leo nikisikia harufu ya gundi ya mbao midomo inaanza kutafuta maneno ya nyimbo.

Muziki wenyewe wenye nao wanauita pop punk. Fundi Mashaka aliuita vurugu. Mimi, nikitakiwa kuueleza, nilikuwa nasema ni gitaa la haraka, dramu zinazokimbia, na mtu anayelalamika kwa furaha. Niliupata kwenye CD iliyochomwa, haina jina wala picha, aliyoisahau mteja kwenye steshenari nilikokuwa nachapa barua za watu na kutoa fotokopi. Niliisikiliza kwenye kompyuta ya dukani sauti ikiwa chini kabisa, na ndani ya siku tatu nilishajua kwamba nimepata kitu cha kwangu peke yangu. Wenzangu wote walikuwa wanataka kuimba bongo fleva. Mimi niliandika nyimbo za Kiswahili za kulalamika kwa furaha, nikazichapa, nikazitoa nyuma ya karatasi zilizoharibika, nikampata Baraka, ambaye alipigia dramu kwaya ya kanisani kwao na alikuwa amechoka kuambiwa apunguze. Tukajiita Jirani Samahani. Mwanzo tulikuwa wawili, mimi nikiimba na gitaa la kuazima, yeye na dramu zake mbili na tasa moja la shaba. Mara ya kwanza tulipopanda jukwaani, kwenye bonanza la Jumapili mchana pale Kinondoni, mshereheshaji alituangalia vile vyombo akatutangaza kwamba ni kwaya kutoka Temeke. DJ naye akaninyooshea mkono.

"Sista, leta CD."

"CD ya nini?"

"Ya biti. Mnaimbia juu ya nini?"

"Tunapiga wenyewe."

"Wenyewe?" Akamgeukia mwenzake. "Hawa wanapiga wenyewe."

Tulipiga nyimbo tatu. Watu walicheka, wawili watatu wakaruka ruka, na dada mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kukaanga alinifungia kipande na kachumbari bure, akaniambia, "Una hasira nzuri wewe." Nilikula ule muhogo nikijiona nimefika. Katika maisha yangu yote sijawahi kupata sifa iliyonikaa vizuri kama ile, na naitaja hapa kwa sababu ilikuwa yangu kabla Ilham hajaja.

Na mimi ndiye niliyemleta. Hilo lazima liandikwe. Waya wa gitaa ulikatika, nikaenda Temeke kwenye duka la vifaa vya umeme la baba yake, duka la siku nyingi, lina mizani ya zamani kaunta na picha ya babu wa Kiarabu ukutani, na nyuma ya kaunta alikuwa binti wa rika langu anasoma kitabu. Akautazama waya, akauliza, "Wa gitaa au wa spika?" Hakuna mtu dukani aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia wa gitaa. Akasema, "Mie napigaga udi wa babu. Ule wa nyuzi, siyo wa kufukiza," akacheka, akautengeneza waya pale pale kwa chuma cha kulehemu. Nikamwalika. Nilimwalika kwa moyo wote, nataka hilo nalo liandikwe, kwa sababu tulihitaji mtu wa gitaa na kwa sababu nilimpenda tangu alipocheka. Baba yake akaridhia kwa mpango wa Jumamosi, baada ya adhuhuri mpaka kabla ya magharibi, na mama yake akawa anamfungia vitu vya kula: visheti, vileja, siku nyingine kaimati zilizobaki na joto. Tulikula juu ya zile fremu za sofa, vidole vimejaa sukari, na kwa wiki tano au sita nilikuwa mtu mwenye furaha kamili.

Wiki ya saba nilipatwa na mafua. Sauti ikaondoka. Baraka akasema Ilham ashike nyimbo kwa siku hiyo moja tu, ili tusipoteze Jumamosi. Nikakaa pembeni nimejifunga kanga shingoni, nikamsikiliza mtu mwingine akiimba maneno yangu, na ndipo nikajua maneno yangu yalikuwa mazuri kiasi gani. Mimi niliyaimba kama mtu anayegombea zamu ya bafu. Yeye aliyashika, akayavuta pale nilipoyakata, akaweka mawimbi madogo mwishoni mwa mstari ambayo bila shaka aliyatoa kwenye udi wa babu yake, na bado kasi ikawa ileile. Fundi Mashaka hakugonga ukuta ingawa mteja alikuwepo. Baadaye, nikiwa chooni nyuma ya kiwanda, nikawasikia mafundi wakizungumza huku wanatia misumari.

"Leo nani kaimba?"

"Yule mtoto wa Kiarabu."

"Eeh. Huyu sasa. Hadi nimejichoma sindano."

"Na yule mwingine?"

"Tuma? Tuma ana juhudi."

Nilikaa kule chooni mpaka wakaanza kuongelea mpira. Neno juhudi sijalipenda tena. Nimekataa kuliandika kwenye ripoti za wanafunzi wangu kwa miaka yote niliyofundisha, na walimu wenzangu wanadhani ni maringo.

Mafua yaliisha, sauti ikarudi, na Jumamosi iliyofuata nilipoinuka kwenda kwenye maiki, Baraka akaanza kukaza skrubu za dramu ambazo hazikulegea. Akasema bila kuniangalia, "Tuma, mie nilikuwa nafikiria. Kwa ajili ya bendi tu lakini. Ilham aimbe, wewe ushike besi, uitikie. Nyimbo si bado zako?" Ilham akasema yeye hataki, akasema kwa sauti ya kweli, "Mie sijaja kwa hilo," na hapo ndipo aliponimaliza, kwa sababu kama angelitaka ningepigana naye. Nikacheka. Nikasema hata mimi nilikuwa nawaza hivyohivyo. Nikajifunza besi kwa wiki mbili nikiwa na malengelenge, na nikawa nasimama hatua moja nyuma yake, upande wa kushoto, ninapoweza kuona shavu lake moja na mtandio wake. Tukaanza kualikwa. Kinondoni walituita tena, kisha tukaitwa Madale kwenye mahafali ya shule moja, na DJ yule wa kwanza aliyeniomba CD alimwendea Ilham akamwambia, "Sista, nyie ni moto." Wenzangu waliona bendi inakua. Mimi niliona shavu. Nilianza kuhesabu nyimbo ambazo watu wanamtazama yeye na nyimbo ambazo kuna anayenitazama mimi, na hesabu hiyo haikuwahi kuwa ngumu. Nilikuwa najua fika kwamba hajanikosea. Nilijua, na haikunisaidia kitu.

Basi nikafanya kile ninachokiweza. Niliandika. Mchana mmoja pale steshenari, hakuna wateja, umeme umekatika na umerudi, nikachapa wimbo mzima bila kufuta:

Nilikukaribisha, ukavuta kiti,
leo nimesimama mlangoni kwangu kama mgeni.
Nipishe! Nipishe!
Hapo ulipokaa pana joto langu.

Ulikuwa wimbo bora kuliko yote niliyowahi kuandika, nami nilijua, na sikuweza kuuficha. Nilikuwa na tamaa ya kuusikia kwa sauti yake. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona aibu zaidi kuliko hata yaliyofuata: nilimtukana mtu, kisha nikampa tusi aliimbe kwa sababu mimi nisingeliimba vizuri. Jumamosi akaisoma karatasi mara mbili, ameketi kwenye fremu, midomo inacheza.

"Tuma. Huyu ni nani?"

"Nani?"

"Aliyekaa kwenye kiti."

Nikasema ni mwanamume. Nikasema nilikuwa na mtu, akaniacha kwa mwingine. Sikuwa na mtu. Baraka alishtuka, maana alikuwa ananijua, ila naye alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa. Ilham akanishika mkono. "Ndiyo maana," akasema. "Mie nilikuwa naonaga umebadilika, nikadhani nimekuudhi." Akauimba ule wimbo kwa niaba yangu, akaniimbia mwanamume ambaye hayupo, na kwa miezi mitatu alikuwa anauimba huku akinigeukia kidogo kwenye mstari wa mlango, kunipa nguvu. Nyumbani alimweleza mama yake. Vileja vikaongezeka. Mama yake alikuwa anatuma kifurushi cha pembeni, kimefungwa peke yake, "cha Tuma," na siku moja nilipokwenda kuchukua waya alitoka ndani akanishika kidevu, akaniambia, "Shukuru Mungu mwanangu. Huyo hakuwa wako. Nakuombea upate mwema zaidi." Nikamwambia ahsante mama. Nikala vile vileja vyote.

Kisha ukaja mwaliko wa shangazi yake, Bi Shamsa. Alikuwa anaoza binti, na siku ya kumpamba bibi harusi, shughuli ya wanawake watupu nyumbani kwake Temeke, kikundi cha taarabu alichokiweka kikamtumia ujumbe asubuhi ileile kwamba mwimbaji wao kalazwa. Bi Shamsa akampigia Ilham. "Wewe si una kikundi? Walete. Msinipigie ngurumo tu." Shida ilikuwa Baraka, maana mwanamume hawezi kuingia kule wanawake wamevua mabuibui na kuachia nywele. Bi Shamsa aliitatua kwa pazia. Wakalitundika pazia zito la kijani kwenye kona ya ua, Baraka akaingizwa kwa mlango wa jikoni na dramu zake, akaketishwa nyuma yake akiwa amegeukia ukuta, na mara kwa mara mkono ukapita chini ya pazia ukimpelekea sambusa. Tulipiga bila kuonana naye. Ilham akamwambia kwa juu ya pazia apunguze mwendo na aweke mdundo wa chakacha kidogo, naye Baraka, aliyetoroka kwaya kwa sababu ya kuambiwa apunguze, akapunguza. Alikuwa radhi kufanya chochote akiombwa na Ilham. Hilo nalo nililiona.

Nililokuwa silijui, mimi mtoto wa bara, ni sheria za ua ule. Nilishaona wanawake wakituza mwimbaji, wanainuka wanacheza polepole mpaka mbele, wanampa noti mkononi, wanarudi. Nilidhani ni kumpongeza tu. Kumbe anayetuza anachagua mstari. Ukiinuka kwenye mstari fulani umesema kwamba maneno hayo unayasema wewe, na ukielekeza kidole umesema unamwambia nani, na aliyeelekezewa anajua, na ua mzima unajua. Ilham alikua ndani ya mambo hayo, na kwake yalikuwa wazi kama salamu. Hakunieleza kwa sababu haikumjia kwamba kuna mwanamke asiyejua.

Tulianza na nyimbo zingine, wakatuvumilia, wakapiga makofi ya adabu. Kisha Ilham akaanza "Nipishe." Kwenye kibwagizo tu vigelegele vikapasuka. Mwanamke wa gauni la dhahabu akainuka, akaja anazungusha kiuno, akamtuza Ilham kwenye "pana joto langu," kidole kikielekea kona ambako mwenzake mmoja alianza ghafla kutafuta kitu kwenye pochi. Wakainuka wengine. Ilham akarudia kibwagizo mara nne, mara tano, noti zinajaa mkononi hadi zinaanguka kwenye gitaa, bibi harusi mwenyewe anacheka chini ya shela, na Bi Shamsa anapiga kelele, "Nani kaandika? Huu nani kaandika?" Sauti yake ikapotea katikati ya vigelegele. Nami nilikuwa nimesimama hatua moja nyuma, upande wa kushoto, na besi yangu, natazama shavu. Wimbo wangu. Niliuandika mimi, dukani, kwa vidole vyangu, na watu walikuwa wanamwaga heshima yote kwa mtu aliyeusoma kwenye karatasi. Nikaona njia moja tu ya kuwajulisha. Nikaweka besi chini. Nikachukua noti kwenye pochi yangu, nikaingia katikati ya ua nikicheza nilivyoweza, na alipofika kwenye "Nilikukaribisha, ukavuta kiti," nikapiga mkono kifuani kwangu, nikamnyooshea Ilham kidole, nikampa ile noti.

Nilimaanisha: wimbo ni wangu, huyu anauimba. Ua mzima ukaona mwanamke anamwambia mwimbaji wake mbele ya watu wote kwamba alimkaribisha naye akamchukulia kiti chake. Palitulia kwa kiasi cha mpigo mmoja, nikamsikia Baraka peke yake nyuma ya pazia, kisha vigelegele vilivyokuja vilikuwa vikali kuliko vyote vya siku ile. Bibi mmoja karibu yangu akapiga makofi. "Makubwa haya! Kamtuza mwimbaji, kumbe mwenye kiti ni yeye!" Mimi nikatabasamu, nikidhani sasa wamejua nani mwandishi. Nilipomtazama Ilham nikaelewa kwamba nimefanya kitu. Alikuwa ananiangalia na noti ile mkononi, midomo inaendelea kuimba, sauti haikutetemeka hata kidogo, na macho yake yalikuwa yanarudi nyuma, yanaupitia wimbo mstari kwa mstari. Akaumaliza wote. Aliuimba ule ubeti wa mwisho kwa uzuri ambao sijausikia tena, nami nikiwa nimesimama katikati ya ua sijui nielekee wapi.

Baadaye tulipelekwa kula kwenye chumba cha kulala cha Bi Shamsa, mabuibui yamerundikwa kitandani hadi karibu na dirisha, sinia la biriani limewekwa chini kwenye kitambaa. Baraka alikuwa amekabwa na maswali ya mpishi jikoni. Tulikuwa wawili. Ilham alinyoosha mkono akala tonge moja, akanawa.

"Hakuna mwanamume," akasema.

Ningeweza kumwambia kwamba sikujua maana ya kutuza. Ilikuwa kweli, na angeniamini, angecheka, tungerudi Chang'ombe Jumamosi. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali. Lakini alikuwa ameniuliza kitu kingine.

"Hakuna," nikasema.

"Miezi mitatu nakuimbia. Mama anakuombea kwenye sala, Tuma. Kwa jina."

"Ilham..."

"Si ungesema tu? Ningekupisha." Alisema bila ukali, kama mtu anayeonyesha mlango uliokuwa wazi muda wote. "Mie nilisema tangu mwanzo sikuja kwa hilo. Ungesema siku ileile, ningekupisha."

Akachukua buibui lake kwenye lile rundo, akalitambua mara moja ingawa yote yalikuwa meusi, akavaa. Jumamosi iliyofuata hakuja. Waya wa gitaa nilipohitaji nilinunua Kariakoo. Baraka alikwenda kwao mara mbili kumbembeleza, akarudi na jibu lilelile kwamba ana mambo mengi ya dukani na anatusalimu. Nikarudi kwenye maiki. Hatua moja mbele, mahali nilipopataka. Tulipiga Kinondoni mara mbili zaidi, nikaimba "Nipishe" mwenyewe, na watu wakatusikiliza kwa ile adabu ya wanawake wa Temeke kabla wimbo haujaanza. Yule dada wa mihogo hakuwepo siku hizo, na kama alikuwepo hakusema neno kuhusu hasira yangu. Sponji zetu zilipobanduliwa Desemba ile hatukuzirudisha. Baraka hakuwahi kunilaumu. Ningependa angenilaumu, kwa sababu tungegombana na jambo likaisha.

Sikuwahi kumuuliza Ilham kama aliendelea kuimba. Niliogopa majibu yote mawili. Nilisikia ameolewa, ana duka la sare za shule Madale, nikalipita duka hilo mara kadhaa nikiwa na safari zangu na kugeuza uso upande wa pili. Pale mkekani Kibamba alinieleza mwenyewe, kwa ufupi, watoto wanne, mama yake alifariki, mumewe anasumbuliwa na mgongo. Muziki hakuugusa. Mimi nilimweleza habari za shule, nikaziongeza chumvi kidogo.

Baada ya sala na chakula wakaanza kuita watu waseme neno juu ya marehemu. Wakasema ndugu, akasema jirani, akasema mzee wa kanisa. Kisha akainuka Upendo, mke wa Baraka, amevaa nguo nyeupe, macho yamevimba, akauliza kama wenzake marehemu wa ile bendi ya ujanani wapo. Akasema, "Baba Ester alikuwaga na wimbo mmoja anaupigaga mezani akisubiria chakula. Kila siku ya Mungu. Nipishe, nipishe. Watoto hadi walikuwa wanamkimbia. Mie sijawahi kuusikia wote. Kati yenu mwimbaji alikuwa nani? Namwomba atuimbie."

Nikamwangalia Ilham, naye hakuniangalia. Alikuwa anamtazama Upendo, na alimjibu kwa ile sauti yake ya kweli, kila mtu chini ya turubai akasikia.

"Ni Tuma, dada. Wimbo ni wake."

Nikasimama. Bila gitaa, bila dramu, nikauanza taratibu, na haukuwa mbaya. Umri umeishusha sauti yangu, imepata uzito ambao haikuwa nao, na ubeti wa kwanza ulipita vizuri, nikaona Upendo anatikisa kichwa na binti yake mkubwa anafuta machozi. Kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba ni wimbo wa msiba pia, kiti na joto lililobaki. Ningeweza kukaa chini nikiwa nimeridhika maisha yangu yote. Kwenye kibwagizo cha pili Ilham akaingia. Hakukusudia, nadhani. Alikuwa amefumba macho, ameketi palepale kwenye mkeka, na machozi yanamtoka, na alikuwa anaitikia kwa chini tu, anamlilia Baraka kama mtu yeyote. Lakini ile sauti ilikuwa ipo yote, haijapungua kitu. Upendo akageuza shingo. Binti yake akageuza shingo. Nikaona uso baada ya uso unaniacha na kuelekea chini kwenye mkeka, na mimi, mbele ya picha ya rafiki yangu, nikapandisha sauti ili nimfunike.

Akafumbua macho, akanitazama, akanyamaza. Nikaumalizia wimbo peke yangu.